PARI/GP kwenye simu: programu ya bure ya kuvunja namba kubwa, maoni yangu baada ya kuitumia na wanafunzi hapa Arusha

Walimu wenzangu wa hesabu, wanafunzi wa PCM na EGM, na wewe ambaye unapenda tu namba bila mtu kukulazimisha, hii nawaandikia nyie. Programu inaitwa PARI/GP, ni ya bure, haina matangazo, haikuombi namba ya simu wala haikupi siku kadhaa za kujaribu alafu ikufungie mpaka ulipie, na mimi naitumia kwenye simu ya kawaida tu ya Android kwenye twisheni ya jioni hapa Sakina. Asiye na muda aishie hapa, ipakue, inafaa. Mwenye muda asome mpaka chini kwasababu kuna mambo ya kibodi na memori usipoyajua utaifuta siku hiyo hiyo, alafu kuna habari ya Mlima Meru na Kilimanjaro ambayo watoto wangu wa Form Three wameishika kuliko topiki yoyote ya namba niliyowahi kuwafundisha.

Kwanza ni kitu gani. Ni kalkuleta, ila namba zake haziishii kwenye upana wa skrini, na inavunja namba, yaani inakutafutia vigawo vyake tasa. Ilianzia chuo kikuu cha Bordeaux kule Ufaransa miaka ya 1980, Henri Cohen na wenzake ndio walioianzisha, na baadae Karim Belabas wa hapo hapo Bordeaux akawa ndio msimamizi wake. Wanahisabati wenyewe wa mambo ya namba wanaitumia kwenye kazi zao za utafiti, kwahiyo unachopata kwenye simu yako sio toleo la watoto, ni kitu chenyewe. Ya Android inaitwa PariDroid, na kwenye tovuti yao kuna ya kufungua ndani ya browza bila kuinstoo chochote, ikishafunguka hesabu zinafanyika kwenye simu yako mwenyewe kwahiyo bando haliliwi kila ukibonyeza. Unaandika mstari, unabonyeza, jibu linatoka chini yake, basi. Hakuna picha wala vitufe vya rangi rangi, na mimi nimeshaizoea hivyo hivyo, hata naona ni bora.

Nilichokuwa nakitafuta ni kitu cha kuonyesha namba kubwa ZOTE, tarakimu moja moja. Kalkuleta nyingi za kisayansi zinazouzwa mjini zinaonyesha tarakimu 10. Zile zenye kitufe cha FACT ni nzuri sana kwa shule, ukiipa 4294967297 inakutolea 641 na 6700417 inaiacha kwenye mabano, na hayo mabano maana yake ni kwamba vigawo inavyotafuta ni vya tarakimu tatu tu, hicho kilichobaki haiwezi kukuapia kama ni namba tasa au la. (Ni tasa. Hiyo namba ni 2 kwa kipeo cha 32 ukajumlisha 1, Fermat aliamini ni tasa, Euler akaivunja mwaka 1732 kwa mkono.) Ila hapo ndio umefika ukutani, tarakimu kumi zimeisha.

Sasa jaribu 2^67-1, yaani 2 kwa kipeo cha 67 ukatoa 1. Kalkuleta inakuletea 1.475739526 mara kumi kwa kipeo cha 20, yaani imekula nusu ya namba. Kuna aplikesheni moja ya kalkuleta, jina naliacha, yenyewe inaleta tarakimu zote 21 kwa kujiamini kabisa: 147573952589676412928. Angalia mwisho. Inaishia na 8! Namba shufwa! Mbili kwa kipeo chochote ni shufwa, ukitoa moja LAZIMA iwe witiri, mtoto wa darasa la tano analijua hilo, lakini ile kitu imeshindwa kutoa moja kwasababu inatunza namba kwa kukadiria. Ni ugonjwa ule ule wanaoujua watu wa steshenari, unaandika namba ya NIDA kwenye Excel bila vistari, tarakimu 20 zile, ukirudi unakuta za mwisho zote zimekuwa sifuri kwasababu Excel inashika tarakimu 15 tu. Kwa bei ya nyanya haina shida. Kwa nadharia ya namba ni kifo, maana kila tarakimu ina uzito wake, ukibadilisha ya mwisho ni namba nyingine kabisa yenye tabia nyingine kabisa.

PARI/GP inakupa 147573952589676412927. Saba. Alafu unaandika factor(2^67-1) na kabla hujatoa kidole inakupangia mistari miwili, 193707721 na 761838257287.

Hapo ndio huwa nasimamisha darasa, kwasababu hiyo mistari miwili ina historia na bila historia mtoto anaona ni tarakimu tu. Mwaka 1644 padri wa Kifaransa Marin Mersenne alitoa orodha ya vipeo ambavyo 2 ukiipandisha kwavyo alafu ukatoa moja inakuwa tasa, na 67 akaiweka humo. Watu wakaishi na hiyo zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1876 Édouard Lucas akaonyesha kwamba hapana, hii namba sio tasa, ila hakuweza kusema inagawanyika na nini. Alijua tu kwamba inagawanyika. Mpaka tarehe 31 Oktoba 1903 kwenye mkutano wa wanahisabati wa Marekani pale New York, Frank Nelson Cole akasimama, akaenda ubaoni, hakusema neno, akapiga hesabu ya 2 kwa kipeo cha 67 akatoa moja, akahamia upande mwingine wa ubao akazidisha 193707721 mara 761838257287 kwa mkono, majibu yakalingana, akarudi kukaa. Ukumbi ukapiga makofi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa ilimchukua muda gani alijibu Jumapili za miaka mitatu.

Mwanafunzi wangu mmoja akauliza swali ambalo mpaka leo naona ni swali bora kuliko yote: "Madam, huyo Lucas alijuaje kama inagawanyika wakati hajapata cha kuigawia?" Aisee! Hilo ndilo swali lenyewe, na uzuri wa hii programu ni kwamba unaweza kumjibu palepale kwa vidole, sio kwa kumwambia utayakuta chuo.

Njia rahisi ya kuonyesha (Lucas alitumia nyingine kali zaidi) ni ya Fermat. Ukiwa na namba tasa p, chukua namba yoyote isiyogawanyika kwa p, ipandishe kwa kipeo cha p-1, gawa kwa p, baki ni 1 siku zote. Kwahiyo namba ikikupa baki ambayo sio 1 umeshaikamata, sio tasa, hata kama hujui kigawo chake hata kimoja. Kwenye programu unaandika n=2^67-1 alafu Mod(3,n)^(n-1), hiyo Mod ndio inayochukua baki ukigawa kwa n. Inaleta namba ndefu ambayo sio 1. Kwisha habari ya Mersenne. Ila sasa, na hapa walimu muwe makini, usitumie 2 mahali pa 3! Ukiandika Mod(2,n)^(n-1) inaleta 1, mtoto atasema ni tasa. Namba zote za aina hii, 2 kwa kipeo tasa ukitoa moja, zinapita mtihani wa 2 ziwe tasa zisiwe tasa, kwasababu 2^67 ukigawa kwa n baki ni 1 tayari, na n-1 inagawanyika kwa 67. Mimi huwa nawaachia wafanye na 2 kwanza, wafurahi, alafu tunabadilisha kuwa 3 wanaanza kubishana wenyewe. Hilo somo halina bei.

Kwa matumizi ya kila siku huhitaji hayo yote, unaandika tu isprime(namba), ikirudisha 1 ni tasa, 0 sio tasa.

Alafu kuna hii ya LUKU. Tokeni ya umeme ina tarakimu 20 na kila nyumba ipo, kwahiyo niliwaambia walete zile ambazo zimeshaingizwa kwenye mita tayari, tuzivunje. Wanakuja na risiti, wanakuja na meseji kwenye simu za mama zao, mmoja mmoja anasoma tarakimu mwenzake anaandika. Namba ya tarakimu 20 haiichukui hata nukta. Tokeni tasa hazipatikani ovyo: katika namba za tarakimu 20, tasa ni karibu moja kati ya 45, ukizitoa zinazoishia na shufwa na 5 ambazo unazijua kwa macho tu inabaki kama moja kati ya 18. Siku iliyopatikana ya kwanza yule binti aliinua risiti juu, "Madam, ya kwetu haivunjiki!" nikamwambia haya mwanangu isome tena taratibu tuhakikishe, tukahakikisha, kweli. Hiyo moja kati ya 45 inatoka kwenye kanuni kwamba tasa zinazidi kupungua kadri namba inavyokua, zinapungua pole pole mno, na watoto wameiona kwa umeme wa nyumbani kwao kabla hawajaiona kwenye kitabu.

Kama huna tokeni andika moja moja tupu. Moja 20 mfululizo, 11111111111111111111, inavunjika vipande saba: 11, 41, 101, 271, 3541, 9091 na 27961. Futa moja ya mwisho zibaki 19, isprime inarudisha 1. Haivunjiki kabisa! Futa nyingine zibaki 18, inasambaratika upya, 3 mara mbili, 7, 11, 13, 19, 37, 52579, 333667. Wanafunzi wenyewe walianza kusema idadi ya moja ikiwa tasa na namba inakuwa tasa. Wajaribu 17 sasa: 2071723 mara 5363222357. Sio tasa. Hata 111 ni 3 mara 37. Kinyume chake ndio kweli, idadi ya moja ikiwa inagawanyika basi na namba inagawanyika, na hilo mtoto wa Form Two anaweza kulithibitisha mwenyewe kwenye karatasi ukimpa dakika.

Sasa milima, ambayo niliahidi.

Meru tunaiona kutoka barazani mawingu yakikubali. Vitabu vingi vinaandika urefu wake mita 4,566, vingine 4,562. Nilitaka tu mfano wa factor kwa namba ndogo nikawaambia waweke zote mbili, na kilichotoka sikukitegemea kabisa.

4,566 ni 2 mara 3 mara 761. Hiyo 761 ni tasa, kwahiyo tukaiweka kwenye kipeo kama alivyofanya Mersenne: 2^761-1, tarakimu 230. Sio tasa, programu inasema 0. Kigawo chake kiko wapi? Kuna sheria, kigawo chochote tasa cha 2^p-1 lazima kiwe ni 2p mara kitu fulani ukijumlisha 1. (Ya Cole nayo inatii, 193707721 ni 134 mara 1445580 ukijumlisha 1, na 134 ni 67 mara mbili.) Kwa 761 tunahesabu kwa 1522: ya kwanza 1523, haigawi. Ya pili 3045, inaishia na 5, sio tasa, ruka. Ya tatu ni 4567. Andika Mod(2,4567)^761, inarudi Mod(1, 4567). Inagawa! Yaani urefu wa Meru ukiongeza mita moja ndio kigawo chenyewe. Darasa zima lilisimama. Na maelezo yapo wazi, 4566 ni 6 mara 761 kwahiyo lazima 4567 iwe kwenye foleni ya wanaoruhusiwa kuwa vigawo, ila kuwa kwenye foleni sio kupata, hii imepata.

Hiyo nyingine, 4,562, ni 2 mara 2281, na 2281 ni tasa. Tukaweka 2^2281-1. Ina tarakimu 687, unaiuliza kwa #digits(2^2281-1), inaanza na 446087 inaishia na 351, inajaza skrini yote ya simu. Na hii NI TASA. Tena ni moja ya zile maarufu, iligunduliwa tarehe 9 Oktoba 1952 na Raphael Robinson kwa kompyuta iliyoitwa SWAC kule Los Angeles. Mwaka huo mmoja alipata tano za aina hii, za vipeo 521, 607, 1279, 2203 na 2281, wakati kabla yake binadamu wote tangu zama za Wagiriki walikuwa na 12 tu.

Na unaweza kurudia kazi ya Robinson kwenye simu yako, sio kuamini tu. Njia ni ya Lucas yule yule, ikaja kunyooshwa na Lehmer: anza na 4, ipandishe mraba, toa 2, chukua baki ukigawa kwa namba yako, jibu lipandishe tena mraba, toa 2, hivyo hivyo mara p-2. Ukimaliza na sifuri, namba ni tasa, na huo ni uthibitisho kamili, haukisii. Kwa 2281 ni mara 2279. Andika hivi kwa mstari mmoja:

n=2^2281-1; s=Mod(4,n); for(i=1,2279,s=s^2-2); s==0

Inarudisha 1, yaani ndiyo, imefika sifuri. Kwa simu yangu ni kubonyeza na jibu. Weka 67 na 65 badala ya 2281 na 2279 inarudisha 0, Mersenne anaanguka tena. Na ukiwa na tasa ya hivi, Euclid ameshakufundisha cha kufanya: zidisha kwa 2^2280 unapata namba ambayo vigawo vyake vyote ukivijumlisha, bila yenyewe, vinarudi kuwa yenyewe, sawa na 6 ambayo ni 1+2+3. Hiyo ya Meru ina tarakimu 1373.

Watu wa Moshi msinune, na yenu ipo. Kilimanjaro mita 5,895 ni 3 mara 3 mara 5 mara 131. factor(2^131-1) inatoa 263 na 10350794431055162386718619237468234569, na 263 ni 131 mara mbili ukijumlisha 1, yaani ni ya kwanza kabisa kwenye foleni. Hiyo haikutokea kwa bahati, kipeo tasa ambacho ukigawa kwa 4 kinabakiza 3, na mara mbili yake jumlisha moja ikiwa tasa, siku zote inagawa. Najua mita ni kipimo walichojiwekea watu, ukipima kwa futi yote haya yanaondoka, mlima wenyewe haujali. Lakini kama mlango wa kuingilia kwenye somo sijawahi kupata mzuri kama huu, na mtoto wa Arusha anaubeba kichwani maisha yake yote.

Haya, mapungufu, maana siwezi kusifia tu.

Kuvunja namba kuna mwisho wake na mwisho unakuja ghafla. Kujua kama ni tasa ni rahisi hata kwa mamia ya tarakimu, kuvunja ni kitu kingine kabisa. Ukiandika factor(2^761-1) kwenye simu itaitoa 4567 fasta alafu itaanza kuhangaika na kilichobaki, simu inachemka, betri inashuka, jibu hakuna. Andika factor(2^761-1,10^5) uiambie iishie kwenye vigawo vidogo, kubwa iliyobaki iiache ilivyo. Sio ubovu wa programu, dunia nzima iko hapo hapo: RSA-250, namba ya tarakimu 250 iliyotengenezwa kwa kuzidisha tasa mbili kubwa, ilivunjwa Februari 2020 kwa kazi inayolingana na kori moja ya kompyuta kufanya kazi miaka 2,700 hivi. Wakati ile ya Robinson yenye tarakimu 687 umetoka kuithibitisha ukiwa umekaa kwenye benchi. Tofauti hiyo ndiyo inayolinda meseji na malipo ya watu mtandaoni, na mwanafunzi akiiona simu ikichemka anaielewa kwa mkono.

Kibodi ya simu ni mtihani. Zima autokorekti kabla ya kitu chochote, kwasababu inaanzisha sentensi na herufi kubwa, na Isprime sio isprime, itakujibu not a function. Alama ya ^ na mabano ziko ukurasa wa pili wa kibodi, vidole vitauma mwanzoni. Usiweke mkato kwenye maelfu! Ukiandika factor(1,009) inaelewa umeipa vitu viwili tofauti, 1 na 9, haitakuambia kwamba unataka 1009, kwahiyo hiyo ndio hatari kuliko zote. Na tokeni au NIDA usiiandike na vistari, yenyewe inaona kutoa, itakutolea namba kwa namba na kukupa jibu dogo la ajabu.

Memori: ikikuambia the PARI stack overflows usiogope, haijaharibika, inaanza na memori ndogo kwa makusudi. Andika allocatemem(10^8) uendelee, ila jua vitu vya s na n ulivyoweka bora uandike upya mstari mzima.

Msaada wote ni Kiingereza, tena Kiingereza cha wenye kazi yao. Ukiandika ?factor inakueleza factor, ila mtoto wa Form Two anahitaji mtu pembeni. Mimi niliwaandikia kwenye karatasi amri chache tu za kuanzia, factor, isprime, nextprime, gcd, Mod na #digits, na zinatosha muhula mzima. gcd ndio ile KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya shule ya msingi, wakiigundua hiyo wanaanza kuitumia hata kukagua homuwaki zao za zamani.

Na mtihani wa taifa huruhusiwi kuingia na simu, kwahiyo kalkuleta ya kawaida bado inunuliwe, hii haichukui nafasi yake. Ukinunua mjini ijaribu pale pale dukani, zinapitapita za bandia, ipe 2 kwa kipeo cha 33, inatakiwa ilete 8589934592 yote bila kukata.

Nyota: 4 na nusu kati ya 5. Nusu nimeitoa kwa ajili ya msaada wa Kiingereza na ule mkato ambao haukushtui. Kwa mwalimu wa twisheni mwenye simu moja na watoto kumi na ubao, hakuna kitu cha bure nilichokutana nacho kinachoikaribia. Simu ndogo inatosha, yangu ni ya kizamani kidogo na haijawahi kukwama kwenye haya niliyoandika isipokuwa hiyo ya 761. Tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, 2^136279841-1 iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320, hiyo usiipeleke kwenye simu.

Wa Moshi na Arusha mkishainstoo, baada ya milima jaribuni moja 317 mfululizo. Unaandika (10^317-1)/9, inakupa moja zote bila kuzihesabu kwa kidole, alafu ipe isprime. Na 318 mnajua tayari itakuwaje kabla ya kubonyeza.